Masega ya gari: ni nini, na je, kuyatoa kunaongeza nguvu?

Ukitaja masega hapa Tabora, mtu atafikiria kwanza asali ya Sikonge. Ingia gereji, neno hilohilo linabadilika. Masega ni lile bumba la chuma kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake kuna kauri yenye vitundu vyembamba vilivyonyooka, mara nyingi zaidi ya 60 katika sentimita moja ya mraba. Ukiyatazama kwa mbele unaelewa mara moja kwa nini mafundi waliazima jina kwa nyuki, ingawa vyumba vya nyuki vina pembe sita na vya gari kwa kawaida ni miraba.

Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli ukipita hapo, na masega yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, madini hayo yanachochea mabadiliko bila yenyewe kuisha. Kaboni monoksidi, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, inageuka kaboni dioksidi. Petroli iliyotoka bila kuungua inakuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni, hewa hii hii tunayovuta. Kazi ya masega ni hiyo, kusafisha moshi.

Sasa hii imani kwamba yanaiba nguvu ilitoka wapi? Ilitoka Marekani, na haikuzuka bure. Huko kulikuwa na magari ya misuli: gari la kawaida la mtu wa kawaida, limewekewa injini kubwa ya silinda nane. (Hapa kwetu ukisema V8 watu wanageuka kutafuta Land Cruiser ya bosi. Sio hiyo.) Mwaka 1970 Chevrolet Chevelle yenye injini kubwa kuliko zote iliuzwa kwa nguvu za farasi 450. Masega yalipoingia kwenye magari ya 1975, Corvette yenye injini ya kawaida ilikuwa na farasi 165. Mtu akiziweka namba hizo mbili pamoja, mwizi keshapatikana.

Lakini kuna mambo yaliyotokea katikati. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili zitumie petroli yenye madini kidogo ya risasi. Mwaka 1972 upimaji wenyewe ukabadilika. Zamani injini ilipimwa ikiwa juu ya meza, tupu, bila vikorokoro vinavyoila nguvu. Kuanzia hapo ikapimwa na altaneta yake (ile inayozalisha umeme wa gari), chujio la hewa na bomba la moshi la gari lenyewe. Yaani sehemu kubwa ya farasi ilipotea kabla masega hayajafungwa, na wengine walikuwa farasi wa kwenye karatasi tu.

Hata hivyo, masega ya kwanza siyatetei. Ya General Motors yalikuwa kopo lililojazwa vidonge, moshi ukijipenyeza katikati yake. Kwenye Corvette hiyo, mabomba mawili ya moshi yaliunganishwa yapite kwenye kopo moja. Aliyeyang'oa enzi hizo alikuwa na hoja, ila hoja yake imezeeka. Mwaka 2015 Dodge Challenger Hellcat ilitoka kiwandani na farasi 707, masega yakiwa yamefungwa. Kwenye V8 ya kisasa, kuyatoa mazima kunaongeza aghalabu asilimia 1 hadi 3, tena kompyuta ya gari ikipangwa upya. Kinachoongezeka kwa hakika ni mlio, na sikio linadanganyika kirahisi: gari likinguruma, dereva anahisi linakimbia. Huko Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuyatoa kwenye gari la barabarani.

Kama unatafuta mwizi wa nguvu hapa Tabora, tazama chini ya miguu yako. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuishindilia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Hesabu inavuka asilimia 10. Gari lako likifika Dar linachangamka kuliko kama ungetoa masega kumi.

Masega yaliyoziba, hayo ni habari nyingine. Hayo yanakaba kweli. Moshi ukikosa pa kutokea, hewa mpya haiingii kwenye silinda. Gari linawaka vizuri, linatembea, lakini ukikanyaga mafuta linagoma kama limefungwa kamba kwa nyuma. Ukiyatoa hapo gari linaruka, na hadithi ya kijiweni inapata shahidi mwingine. Ila masega hayazibi yenyewe. Ama injini inakula oili na majivu yake yanapaka vitundu, ama silinda moja haichomi, petroli mbichi inateremka mpaka kwenye masega na kuungulia humo, kauri inayeyuka. Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, mara nyingi inakuambia hilo la silinda isiyochoma.

Mwaka jana kijana wa jirani pale Ipuli alinijia na Runx yake. "Kaka, fundi kasema nitoe masega iwe nyepesi. Njia ya Nzega nashindwa kuovateki lori la tumbaku." Taa ilikuwa inapepesa. Nikamwambia twende kwa fundi mwingine kwanza, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe.

Mzee hakugusa masega. Alifungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, akaacha tundu wazi. "Kama yameziba, moshi utapata pa kutokea hapa, gari litachangamka. Endesha." Tukazunguka mtaa mzima na kelele za aibu, watoto wakitukimbiza. Gari zito vilevile. "Basi masega yanahema," akasema, akarudisha sensa. Kisha akawasha injini na kuchomoa soketi za koili, zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi ya kila silinda, moja baada ya nyingine. Tatu za kwanza, kila akichomoa injini inatetemeka. Ya nne akachomoa, injini haikujali. Koili ikabadilishwa na plagi yake, taa ikafutwa kwa mashine, tukaondoka.

Nilikuja kusikia kwamba yule fundi wa kwanza alikuwa na mnunuzi wa masega anayepita kila mwezi. Ule utando wa platinamu una bei yake. Ila uongo wake ulikuwa wa kuwahi tu. Kijana angeendelea na ile koili mbovu mpaka tumbaku iishe sokoni, masega yangeyeyuka kweli, na fundi angekuwa amesema kweli.