Kano la bega likichanika: maneno ya barazani na ukweli wake

Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, hukosi kusikia habari za mtu aliyevunjikiwa na tawi akabaki akining'inia kwa mkono mmoja. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi. Lakini akisimama kusali, mkono haufiki sikioni kwenye takbira, na usiku halali ubavu ule. Hapo kila mtu barazani huwa daktari.

"Eksirei imetoka safi, basi huna kitu."
Eksirei huonesha mfupa. Bega hushikiliwa na makano ya misuli minne, yaani kamba ngumu zinazounga misuli na mfupa, na hayo hayaonekani humo. Yataka ultrasaundi au MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Aliyeanguka na papo hapo akashindwa kuinua mkono asikae miezi akisubiri. Kano lililokatika hurudi nyuma, misuli yake ikanywea na kujaa mafuta, na hapo hata daktari hodari huweza kushindwa kulivuta mpaka mahali pake.

"Mchuaji atalirudisha."
Kuchuliwa kwa mafuta hulegeza misuli na mtu akapata usingizi. Sina ugomvi nako. Ila kano lililong'oka kwenye mfupa halirudi kwa kuchuliwa, na bega bichi likivutwa kwa nguvu huzidi kuharibika.

"Likichanika tu, lazima upasuliwe."
Wapi! Wazee wengi waliopita miaka 60 wana makano yaliyochanika na hawana habari, kwa kuwa hayawaumi. Mchaniko wa uzee huanzwa kwa mazoezi ya viungo, na wengi huishia hapo. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza maumivu, haiungi kitu, na ikirudiwa mara kwa mara hudhoofisha kano.

"Operesheni ya matundu ni ndogo, wiki ijayo nimo kazini."
Hii ndiyo inayoharibu kazi za madaktari. Matundu ni madogo kweli, kiasi cha sentimita moja au pungufu. Kamera hupita kwenye moja, vyombo kwenye mengine. Bega hujazwa maji ya chumvi ili ndani pawe na nafasi ya kuona. Kisha daktari husafisha mfupa, huukita nanga ndogo zenye nyuzi, na kwa nyuzi hizo hulifunga kano. Ngozi hupona ndani ya wiki mbili hivi. Kano halina habari na udogo wa jeraha: huchukua kama miezi mitatu kushikana na mfupa. Ndiyo maana mkono hutundikwa shingoni wiki 4 hadi 6, kisha husogezwa na mtaalamu, baadaye ndipo mwenyewe unauinua. Kupanda mkarafuu, kuvuta jarife au kubeba magunia ya mwani mbichi ni baada ya miezi 6, pengine zaidi. Anayejaribu mapema hulikata upya.

"Pasipo kamera usikubali."
Kwa matundu, maumivu ya siku za mwanzo huwa nafuu. Baada ya mwaka, bega lililotengenezwa hivyo na lililofunguliwa kwa mchano mdogo hayapishani sana. Kwa mtu wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, naona swali zito zaidi ni nani atamsimamia mazoezi akisharudi kwao; aliulize kabla ya kukubali tarehe. Mwenye kisukari aiweke sawa sukari yake mapema, na mvutaji aache sigara, kwani kisukari na sigara huchelewesha kano kushika.