Nywele za kipilipili na ukavu wa Arusha: maswali na majibu

Masika yakishaisha, Arusha huingia kwenye baridi, kisha upepo na vumbi, na nywele za asili huanza kulalamikiwa. Wapo walioacha dawa ya kunyoosha nywele karibuni na wapo waliosuka rasta maisha yao yote, lakini kilio kinafanana: "Napaka mafuta kila siku, mbona bado kavu?" Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi, pamoja na majibu yake.

Kwa nini nywele zetu hukauka upesi kuliko zilizonyooka?

Kila unywele hutokea kwenye kishimo kidogo ndani ya ngozi, na pembeni mwa kishimo hicho kuna tezi inayotoa mafuta. Unywele ulionyooka huyapitisha mafuta hayo mpaka nchani bila shida. Wa kipilipili unapinda na kupinda tena, kwa hiyo mafuta hubaki karibu na ngozi na ncha hazipati kitu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta huku ncha zake zimekauka kabisa. Tena pale unapopinda, magamba madogo yanayoufunika unywele hunyanyuka. Maji hupotelea hapohapo, na mara nyingi unywele hukatikia hapohapo.

Mahali nako kunachangia. Jiji la Arusha liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Agosti hadi Oktoba ni kavu. Aliyehamia kutoka Tanga au Dar es Salaam huona tofauti mapema, maana kule hewa ya bahari ina unyevu mwingi. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, ila kwa vumbi la kiangazi hawajaachwa nyuma.

Napaka mafuta asubuhi na jioni. Mbona hayasaidii?

Kwa sababu mafuta si maji. Kinacholainisha unywele ni maji, nao unaweza kufyonza mpaka asilimia 30 hivi ya uzito wake. Kazi ya mafuta ni kuyazuia maji hayo yasitoke haraka. Kupaka mafuta ya mgando kwenye nywele zilizokauka ni kufunika sufuria tupu. Halafu vumbi la barabarani linanatia juu yake, na kufika Ijumaa kichwa kina utando mzito huku nywele zenyewe zina kiu ileile.

Nina maoni yangu kuhusu chanzo cha jambo hili. Wasichana wengi hapa nchini hukaa na kichwa kilichonyolewa mpaka wamalize kidato cha nne. Siku nywele zikiruhusiwa kukua, zinaenda moja kwa moja kwenye dawa au kwenye rasta. Mtu anafika miaka 30 hajawahi kuziosha nywele zake mwenyewe kwa mikono yake. Ataogopaje kuzipaka mafuta, na ataachaje kuyaogopa maji?

Basi niziosheje, na mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili, inawatosha wengi. Anayefanya kazi kwenye vumbi au jasho aende na wiki moja.

Gawa kichwa mafungu manne na ubane kila fungu peke yake. Mimina maji ya uvuguvugu fungu kwa fungu. Nywele zilizokauka sana haziyapokei maji mara ya kwanza, yanateleza juu yake na kudondoka. Mimina tena huku ukiminya kwa kiganja. Baada ya muda utaona fungu limejikunja, limekuwa fupi, na limekuwa zito mkononi. Hapo ndipo limekunywa.

Sabuni ya nywele iende kwenye ngozi ya kichwa, na povu linaloshuka wakati wa kusuuza linazitosha ncha. Sabuni ya mche iache kwenye nguo. Ina ualkali mkali, pH yake huwa 9 au 10, wakati ngozi ya kichwa inapenda 5.5 hivi. Ukizoea kuitumia, magamba ya unywele hubaki yamesimama na nywele hukwaruza kama haujaziosha.

Kisha kondishona, na usiibanie. Iache dakika tano hadi kumi, na uchane ikiwa bado kichwani: vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea kwenye mizizi. Ukisikia nywele zinalia "tap, tap", simama, ongeza kondishona, rudi kwenye vidole. Kuchana nywele za kipilipili zikiwa kavu ndiko kunakozimaliza, na ndiko tulikofanyiwa utotoni mpaka tukalia.

Suuza, halafu minya maji kwa fulana kuukuu ya pamba bila kusugua. Nywele zikiwa bado na majimaji, paka losheni ya nywele au kondishona isiyosuuzwa, kisha mafuta kidogo juu yake. Funga mabutu au zungushia uzi mweusi wa kusukia ule wa bibi zetu. Uzi unazinyoosha bila joto la draya, na unazilinda ncha mpaka kesho. Katikati ya wiki zinyunyizie maji kwa chupa ya kupulizia na upake mafuta nchani tu.

Baridi ya Julai nayo? Nikiosha si nitapata mafua?

Mafua huletwa na virusi, si na kichwa kibichi. Lakini kukaa na kichwa kilicholowa jioni ya baridi ni mateso, hilo silibishi. Osha saa sita mchana, tumia maji ya moto kiasi, na usilale kabla nywele hazijakauka.

Mafuta gani ni bora?

Ya nazi yana sifa ya pekee: yanaingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Kwa hiyo yapake saa chache kabla ya kuosha, hapo ndipo yanafanya kazi zaidi. Mafuta ya mgando hayaingii, yanakaa juu na kufunika, na kwa kufunika yako vizuri. Ya nyonyo ni mazito, yanafaa ncha zilizochoka, ila habari ya kwamba yanaotesha nywele ni maneno ya muuzaji. Ya parachichi au hata ya alizeti ya jikoni yanatosha kabisa ukipaka juu ya nywele zenye maji. Bei haina uhusiano na kazi.

Glisarini ya duka la dawa nayo inasaidia kushika maji, mradi usiipake peke yake. Vijiko viwili vya chai kwenye kikombe cha maji, tikisa, nyunyiza.

Na parachichi lenyewe, mayai, asali?

Parachichi la Machame linaliwa, na mimi ningelila. Ukilipaka, lichuje kwanza, la sivyo utatoa vipande kichwani siku tatu. Yai ukilisuuza kwa maji ya moto linaiva hapohapo kwenye nywele. Mchanganyiko wowote wa jikoni utumie siku hiyohiyo na kinachobaki mwaga, kwa sababu hauna kihifadhi na bakteria hukua upesi.

Maji ya Arusha yana floraidi. Je, ndiyo inayokausha nywele?

Floraidi iliyozidi inaharibu meno na mifupa, na inaingia mwilini kwa kunywa na kupikia. Ukavu wa nywele una sababu zilizo karibu zaidi: hewa, sabuni, joto la draya, na kuchana vibaya. Ila kama maji ya kisima chako hayatoi povu na yanaacha utando mweupe kwenye ndoo, yana chumvichumvi nyingi. Hayo oshea tu, na msuuzo wa mwisho tumia maji ya mvua.

Nikinywa maji mengi, nywele zitalainika?

Hapana. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai wala mshipa wa damu. Kunywa maji kwa ajili ya mwili wako.

Usiku najifunga khanga. Inatosha?

Pamba inafyonza maji na mafuta ya nywele usiku kucha. Satini haifyonzi. Si lazima ununue kofia ya dukani: mitumba ya pale Moshi, au ya soko la Kilombero Arusha, haikosi blauzi ya satini ya mtu mnene. Mpelekee fundi cherehani akushonee kofia, na kipande kitakachobaki kiwe foronya. Anayepanda bodaboda naye avae kitambaa hicho chini ya helmeti. Helmeti inasugua, na imeshavaliwa na wengi kabla yake.

Nikifumua rasta zinatoka nywele nyingi sana. Zinakatika?

Huenda hapana. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, zote zilizong'oka zinabaki zimeshikiliwa mle ndani, na siku ya kufumua unaziona kwa pamoja. Zichunguze kwenye mwanga. Unywele uliotoka wenyewe una kinundu kidogo cheupe upande mmoja, na ni mrefu kama wenzake. Uliokatika ni kipande kifupi kisicho na kinundu, na huo ndio dalili ya ukavu.

Rasta zikae wiki sita hadi nane, zisizidi, na uendelee kunyunyiza maji. Kisha mwambie msusi wako ukweli. Ukisuka ukalazimika kumeza panadol ndipo ulale, au ukatokewa na vipele kwenye kingo za paji la uso, amekaza mno. Fumua, hata kama umelipa jana. Kingo zikivutwa miaka mingi, vishimo vya nywele hufa na nywele hazirudi.

Binti yangu wa miaka saba ana ngozi ya kichwa iliyokauka inayopukutika. Nimpake mafuta gani?

Kwanza, mama, hakikisha kama ni ukavu kweli. Mabaka ya mviringo yenye magamba, ambapo nywele zimekatika, ni mapunye. Huo ni ukungu, na umeingia mpaka ndani ya unywele, kwa hiyo mafuta na krimu haviufikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa, kwa kipimo atakachotoa mhudumu wa afya kulingana na uzito wake. Wakague na wadogo zake, na msichangie chanuo wala mashine ya kunyolea.

Kwa mtu mzima, magamba yanayopukutika pamoja na muwasho mara nyingi ni mba. Hapo mafuta kwenye ngozi ya kichwa yanazidisha tatizo, maana kijiukungu kinachochochea mba kinaishi kwa mafuta hayo. Tumia sabuni ya nywele yenye ketokonazo, dawa ya kuua ukungu, kwenye ngozi tu, iache dakika tano, kisha zipe ncha kondishona.

Ni lini niende hospitali?

Nywele zikikauka na kupungua huku unasikia baridi kuliko wenzako, unachoka, unaongezeka uzito na choo kinakuwa kigumu, omba upimwe tezi ya shingo. Ukichoka sana, ukaishiwa pumzi kwa kupanda ngazi tu na hedhi ni nzito, omba upimwe damu. Na utosi ukianza kuwa na sehemu laini, inayong'aa, inayowasha au kuuma, nenda mapema. Huenda kuna kovu linaloendelea chini ya ngozi, na kinachoweza kuokolewa ni nywele zilizobaki.

Arusha unaweza kuanzia Hospitali ya Mount Meru. Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia kanda nzima tangu miaka ya 1990. Fumua nywele kabla ya kwenda, usipake mafuta siku hiyo, na beba makopo ya vyote unavyotumia kichwani, hata lile lisilo na lebo.