Kwa nini daktari wa upasuaji hutaja jina lake kabla ya kushika kisu?

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, liliweka humo vipengele 19. Vingi havimshangazi mtu: mgonjwa ndiye huyu kweli? Tunapasua upande gani? Kuna dawa inayomdhuru? Lakini kipo kimoja ambacho ukikisoma haraka utadhani kimepotea njia. Kabla ngozi haijaguswa, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Watu wamevaa barakoa, mgonjwa amelala, saa inakwenda, halafu eti tuanze kutambulishana!

Sababu ni kwamba mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja mbele ya wakubwa, hata kwa kutaja jina tu, huona wepesi wa kuitoa mara ya pili. Na hiyo ya pili ndiyo inayotafutwa: pale muuguzi anapohesabu vitambaa na kuona kimoja kimepungua, huku daktari ameshaanza kushona. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nafuu hiyo si ya majina peke yake, maana vipengele vingine 18 navyo vilifanya kazi yake. Lakini majina hayakuwekwa pale kwa ajili ya adabu.

Somo lenyewe marubani walikuwa wamelilipia mapema. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani, wakafa watu 583. Moja ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke bila ruhusa. Ndani yake mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani. Rubani mkuu, ambaye ndiye aliyesimamia mafunzo ya marubani wenzake katika kampuni, akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Ofisini hakuna anayekufa kwa swali lililomezwa, angalau si mara nyingi. Hesabu ya kichwani ni ileile, hata hivyo. Mfanyakazi anayeona kosa hujiuliza: nikisema, nitaonekanaje? Kunyamaza hakumgharimu kitu leo. Kusema kunaweza kumgharimu. Mjumbe hauawi, ndivyo tunavyoambiwa, lakini nani hajawahi kuona mjumbe akisagwa kikaoni? Meneja asiyemjua mtu ila kwa ripoti yake anamwachia mtu huyo kubahatisha jinsi habari mbaya itakavyopokewa, na abahatishaye hujikinga. Aliyezoea kuzungumza na bosi wake kuhusu mambo madogo anajua tayari uso wake utakuwaje. Kwa hiyo yale mazungumzo ya dakika mbili mlangoni, ambayo viongozi wengi huyaona ni kupoteza muda, ndiyo njia ambayo tatizo la kesho litapitia likimfikia kiongozi likiwa bado dogo.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, aliligundua hili kwa mlango wa nyuma miaka ya 1990. Alichunguza makosa ya dawa katika wodi, akitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakosea mara chache. Takwimu zikamgeuka: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Baadaye ikamdhihirikia kwamba tofauti ilikuwa katika kusema. Wale waliomwogopa kiongozi wao walikuwa wakificha.

Kuna kisa cha zamani zaidi, cha kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Kinasimuliwa sana kwa habari ya taa na uzalishaji, yaani kwamba kubadili mwanga tu kuliwafanya watu wazalishe zaidi, na sehemu hiyo wataalamu wameipinga mno. Mimi hunivutia sehemu nyingine. Kuanzia 1928 wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa kuhusu kazi yao. Wahojaji walikuja na maswali tayari, wakakuta watu wanayaacha na kusema yao. Ikabidi wabadili utaratibu: waache mtu aongee, wao wasikilize.

Hapa lazima niweke tahadhari. Katika miaka ya 1970 George Graen, mtafiti wa uongozi, na wenzake walionyesha kwamba kiongozi hana uhusiano mmoja na timu nzima, bali ana uhusiano tofauti na kila mtu, na kwa kawaida huzuka kundi la wandani na kundi la wa nje. Wandani hupewa kazi nzuri na sikio. Wa nje hupewa maagizo. Kwa hiyo bosi mcheshi anayekula chakula cha mchana na walewale watatu kila siku hajajenga ukaribu, amejenga upendeleo, na habari mbaya zitatoka kwa hao watatu tu. Wala kuuliza "watoto hawajambo?" hakusaidii kitu ikiwa muulizaji hangoji jibu. Watu hulitambua hilo kwa haraka ya kutisha.

Tukirudi chumbani kwa upasuaji, majina hutajwa na kusahaulika. Nyuma ya barakoa wote hufanana. Mwaka 2017 Rob Hackett, daktari wa usingizi wa Sydney, alianza kuvaa kofia iliyoandikwa jina lake na kazi yake kwenye paji la uso. Baadhi ya wenzake walimwuliza kama siku hizi anasahau anaitwa nani.