Maji ya mabomba ya barabarani Roma yananyweka

Hii ya kwamba ukienda Roma usiguse maji ya mabomba ya mtaani eti machafu, ndo maana yanamwagika tu siku nzima, imesemwa miaka mingi na watu bado wanaiamini. Si kweli jamani. Yale mabomba mafupi ya chuma wenyewe wanayaita nasoni, yaani pua kubwa, yalianza kuwekwa miaka ya 1870 na leo yapo kama 2,500, na maji yake ni yaleyale yanayoingia majumbani, yanatoka chemchemi za milimani kama Peschiera na yanapimwa. Kutiririka muda wote kunasaidia maji yasilale kwenye bomba.

Angalia pale juu ya mdomo wa bomba kuna katundu kadogo, ziba chini kwa kidole maji yanaruka juu unakunywa bila kuinama sana, baridi kabisa hata kiangazi. Ukiona kibao kimeandikwa "acqua non potabile", yaani maji yasiyofaa kunywa, hapo usinywe. Mgahawani mara nyingi utaletewa ya chupa na utalipia, ila njiani beba chupa yako ujaze bure.