"Kubariki ndoa" si kufunga ndoa

Kadi imeandikwa: familia inakualika kwenye "kubariki ndoa", Jumamosi saa nne asubuhi, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Dodoma. Mwalikwa anajua wawili hao wameishi pamoja miaka na watoto wanao, basi anaona ndoa ipo tayari, padre anakwenda kuinyunyizia tu maji ya baraka. Anapitia saluni kwanza. Anaingia kanisani saa tano na nusu, na kile alichoalikwa kukishuhudia kimeshapita.

Baraka ya maharusi ni sala moja. Katika Misa ya ndoa, padre huitoa baada ya Baba Yetu. Ndoa yenyewe hufungwa mapema zaidi, mara tu baada ya mahubiri.

Kinachoifanya ndoa Katoliki ni ridhaa ya wawili wenyewe; ndivyo isemavyo kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Si pete, wala si padre. Kwa mapokeo ya Kanisa la Kilatini, yaani Kanisa Katoliki la Magharibi, maharusi ndio wanaopeana sakramenti. Padre au shemasi anawauliza ridhaa yao na kuipokea kwa niaba ya Kanisa. Zamani hata yeye hakuwa wa lazima: wawili waliweza kupeana ridhaa faraghani na ndoa ikasimama. Vurugu ilikuja pale mmoja alipokana na kuoa kwingine, maana hapakuwa na wa kuthibitisha. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaamuru awepo paroko, au padre aliyeruhusiwa, pamoja na mashahidi wawili au watatu. Padre aliingizwa ili ridhaa isikanwe.

Sasa twende kwa hao walioishi pamoja. Wakatoliki wawili waliofunga ndoa bomani wana ndoa halali mbele ya serikali, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mbele ya Kanisa lao bado, kwa sababu hawakufuata utaratibu unaowabana. Walioanza maisha bila kufunga popote nao bado. Hakuna cha kubariki hapo. Wanakwenda kufunga ndoa, na kila neno la ridhaa watalitamka. (Ipo njia ambayo mamlaka ya Kanisa huihalalisha ndoa bila ridhaa kurudiwa, lakini hiyo humalizwa kwa maandishi, haialiki mgeni.) Kinyume chake, Waanglikana wawili waliooana kihalali kwao, na Dodoma familia za namna hiyo ni nyingi, wakipokelewa katika Kanisa Katoliki hawafungi tena. Ndoa yao inatambuliwa ilivyo. Kwa hiyo anayesema "lazima nao wakabariki" anawabebesha mzigo ambao Kanisa halikuwatwika.

Mgeni afike nusu saa kabla, basi. Baada ya Injili na mahubiri maharusi watasimama na wasimamizi wao. Wataulizwa kama wamekuja kwa hiari, kama watapendana na kuheshimiana maisha yote, na kama watapokea watoto. Swali hili la mwisho linaweza kurukwa maharusi wakiwa wazee. Kisha wanashikana mikono ya kuume na kutamka ridhaa. Hapo simu ikae mfukoni na vigelegele vingoje. Kigelegele kikipigwa katikati ya maneno, sauti ya bibi harusi haisikiki, na mashahidi wapo ili wasikie. Padre akishaipokea ridhaa, shangilieni. Pete zinabarikiwa na kuvishwa baada ya hapo. Parokia nyingi hufungisha jozi kadhaa kwa Misa moja, kwa hiyo usisimame kwenye njia ya kati kupiga picha za wenu ukawaziba wa wenzako.

Komunyo ni ya Wakatoliki waliojiandaa, waliofunga kula kwa saa moja angalau. Mwanglikana anayekomunika kwao, au Mwislamu aliyetoka Kondoa kumsindikiza jirani, abaki kwenye benchi na asogeze magoti wengine wapite. Hakuna atakayemshangaa. Mabega yafunikwe, wanaume wavue kofia, zawadi zipelekwe ukumbini. Kikapu cha sadaka kikipita si mchango wa harusi, toa ukipenda. Kwa ndoa ya mseto, ya Mkatoliki na asiye Mkatoliki, huenda pasiwe na Misa. Hapo kwa kawaida Komunyo haitakuwepo, ila ridhaa inabaki palepale baada ya mahubiri, na ibada inaisha mapema kuliko ulivyopanga.

Kamati ya harusi inapopeleka kadi kuchapwa, iandike "kufunga ndoa", hata kama maharusi wana wajukuu. "Kubariki" linawafaa wale wa jubilei ya miaka 25 au 50, wanaorudi altareni na ndoa waliyokwisha kuifunga.