Nyumba ya wazee Mji Mkongwe: mpango wa vyumba vya chini uanze na maji, si na sebule

Familia inapokuja kutaka ushauri wa kutengeneza nyumba ya wazee wao Mji Mkongwe, Zanzibar, aghlabu huja na picha kwenye simu. Picha ni ya nyumba mpya ya Dubai au Dar es Salaam: sebule pana iliyoungana na jiko, meza ya kulia katikati, hakuna ukuta wala mlango mpaka nyuma kabisa. Swali linalofuata karibu ni lile lile kila mara. "Kwa pale kwetu Kiponda, tukiuvunja ule ukuta wa kati si tutapata kama hivi?"

Mara nyingi haiwezekani. Sababu zake ni vyema zijulikane mapema, kabla fundi hajapewa kishika mkono, kwa maana katika nyumba hizi kosa la chini hulipwa na ghorofa zote zilizo juu yake.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Ndani yake hamna nondo, hamna nguzo ya zege wala bimu. Ukuta wa chini umebeba ukuta wa juu yake, na huo umebeba ule mwengine, mpaka paani. Sakafu za ghorofa zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Aliyeamua upana huo ni mti, si mwenye nyumba.

Tufanye hesabu ndogo. Chumba cha mita tatu kwa sita kina eneo la mita za mraba 18. Sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake, ikiwa na unene wa sentimita 35, inafika mita za ujazo 6.3. Kwa uzito wa tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 11 na ushei, zimeegemea kuta mbili tu. Nyumba ikiwa na ghorofa mbili juu, zidisha, kisha uongeze uzito wa kuta zenyewe, makabati, matangi ya maji na watu. Halafu atokee mtu aseme sakafu ya juu imebonyea, tumwage zege la sentimita 10 isawazike. Hapo ameongeza tani nne nyengine juu ya boriti zilizokwisha kuchoka. Zege la namna hiyo mimi huliogopa kuliko mchwa.

Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati matengenezo yanaendelea, na watu wawili wakafariki. Kasri lile si nyumba ya familia. Hata hivyo linatuonesha kwamba kipindi cha hatari kwa jengo la zamani ni kile ambacho mafundi wamo ndani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ukuta upi umebeba. Tazama juu: boriti zimelalia upande gani? Kuta mbili ambazo ncha za boriti zimeingia ndani yake ndizo zenye mzigo wa sakafu hiyo, lakini kagua kila ghorofa, maana boriti za juu zinaweza kuwa zimegeuzwa. Viambaza vyembamba vya matofali au mbao vilivyoongezwa baadaye, wakati nyumba ilipogawanywa kwa familia mbili tatu, kwa kawaida vinaweza kuondolewa. Hata hapo pana mtego. Boriti ikibonyea mpaka ikakikalia kiambaza, kiambaza hicho kimeshageuka kuwa mhimili bila ya mtu kukiajiri. Weka mirunda (miti ya kuegemeza) kwanza, ndipo utoe.

Ukihitaji kupitisha mlango mpya katika ukuta uliobeba, tafuta kidaka kikubwa (shubaka la ukutani la kuwekea vitu) au dirisha lililozibwa. Hapo ukuta umeshapunguzwa na pengine una boriti au tao juu yake. Kaa mbali na pembe za nyumba. Uwazi uwe mlango wa kawaida, usiwe geti, na uwe chini ya uwazi wa ghorofa ya juu ili mzigo upite pembeni ya vyote viwili. Mhandisi aje aone kabla, si baada ya ufa kutokea.

Mkishajua kuta zipi hazigusiki, msikimbilie sebule. Anzeni na maji.

Choo, bafu na jiko ndivyo vinavyoamua ramani ya chini, kwa sababu sofa inahamishika lakini maji machafu hayapandi mlima. Bomba la choo la inchi nne linahitaji mteremko wa kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Ukikipeleka choo mita nane kutoka karo (shimo la maji machafu) au bomba kuu, unahitaji tofauti ya sentimita 20. Utazipata wapi? Ama unachimba chini ya kuta ambazo msingi wake hauendi mbali, ama unainua sakafu ya choo, na hapo umemtengenezea bibi ngazi ya kujikwaa usiku. Kwa hivyo choo cha chini kiwe karibu na njia ya kutokea maji, na vyoo vya juu vipangwe juu yake, kimoja juu ya chengine. Mabomba yashuke uani kwa nje ya ukuta, yaonekane. Si mazuri kutazama, najua, lakini bomba linalovuja uani hugunduliwa siku hiyo hiyo, na lililozikwa ukutani hugunduliwa pale ncha za boriti zilipokwisha oza. Karo jipya lisichimbwe kando ya ukuta, wala mfuniko wake usiwekwe chini ya zulia la ukumbini.

Kisima cha zamani mkikikuta uani, msikijaze kifusi kwa sababu tu hakitumiki. Kifunikeni kwa mfuniko imara unaofunguka, na pasiwe na choo wala karo karibu yake.

Kuna na maji ya aina nyengine, yasiyopita kwenye bomba: unyevu unaopanda kutoka ardhini. Matumbawe hunyonya maji pamoja na chumvi, yakapanda ukutani mpaka pale yanapopata hewa ya kukaukia. Zamani yalitoka polepole kupitia lipu ya chokaa. Leo mtu anaona lipu inapukutika, anapiga saruji, juu yake rangi ya mafuta, na chini anatandaza vigae kila pembe. Kwa mwaka mmoja ukuta unapendeza. Maji yale, yakikosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na doa lililokuwa usawa wa goti linakuwa usawa wa kifua. Saruji yenyewe hubanduka kwa mapande na kuondoka na ngozi ya mawe.

Hili linagusa mpango wa vyumba moja kwa moja. Ukuta wenye unyevu mwingi usiupe kabati la nguo, kitanda, wala makabati ya jiko yaliyopigiliwa mpaka nyuma. Ufanye uwe wa ukumbi wa kupita, ngazi, au mahali panapopata upepo, upigwe lipu ya chokaa na upakwe chokaa. Chumba cha kulala kipewe upande mkavu, hata kama ni kidogo. Familia nyingi hufanya kinyume: upande mkavu wa mbele unakuwa sebule ya wageni wa Iddi, na mzee analazwa kwenye chumba cha nyuma kinachonuka uvundo.

Ua

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni kuuezeka ua. Panaonekana pako bure, mita nne kwa tano, na bati ni rahisi. Lakini ua ndio mapafu ya nyumba. Hewa ya moto inapanda na kutokea hapo, na ya baridi inaingia kutoka njiani kupitia mlango na madirisha ya chini. Kaskazi na kusi zote hufanya kazi kwa njia hiyo. Ukiufunika, vyumba vya ndani vinakuwa kiza saa sita mchana, kuta hazikauki, na fedha uliyoipata kwa kuongeza chumba inakwenda kwenye viyoyozi. Ikiwa lazima pawe na kinga ya mvua, bati la kupitisha mwanga liinuliwe juu ya ukingo wa paa, pembeni paachwe wazi pande zote, na lisiegemee ukuta mbovu.

Kisha fikirieni maji ya juu. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, jambo lisilo la ajabu kwa siku moja ya masika, linamwaga lita 5,000. Kama michirizi inaelekea uani, lita hizo zote zinatafuta tundu moja. Njia ya kuyatoa maji hayo ichorwe kwenye ramani kabla ya jiko. Sakafu ya ua iwe chini kidogo kuliko ya vyumba, na iteremkie mbali na kuta.

Jiko linakaa vizuri kando ya ua: moshi una pa kwenda, mwenye seredani na mwenye gesi wote wanapata nafasi, na maji ya kuoshea vyombo yako karibu na njia yake.

Watu watakaokaa

Nyumba ya familia hapa kwetu haikai watu wanne siku zote. Kuna arusi, maulidi, hitima. Siku hizo wanaume hukaa mbele na barazani, wanawake ndani, na sahani zinapita katikati. Mpango mzuri wa chini unaruhusu mgeni akae mbele bila ya kuona jikoni, na mwenye nyumba apite kutoka ngazini mpaka uani bila ya kukatiza mbele ya wageni. Wazee walilipata hili kwa kutoipanga milango ielekeane. Ukiingia mlango wa mbele unakutana na ukuta au daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), unageuka, ndipo unaona ndani. Ule ukuta ambao kijana anauona kizuizi ndio stara ya mama yake.

Chumba kimoja cha chini kiwe cha mtu asiyeweza kupanda ngazi. Leo ni bibi, kesho ni mwenye mguu uliovunjika, au mzazi aliyetoka hospitali. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, choo kiwe karibu bila ya kizingiti kirefu, na bafuni pabaki nafasi ya mita moja na nusu kwa kiti cha magurudumu kugeuka. Kuna jambo jengine ambalo watu huona uzito kulitaja mbele ya mchoraji, lakini kila nyumba hufikwa: mahali pa kumwoshea maiti, penye maji na pa kutokea maji, na njia ambayo jeneza litapita bila ya kuinamishwa. Litajeni. Ngazi nyingi za Mji Mkongwe haziliruhusu jeneza kugeuka, kwa hiyo chumba hicho ni cha chini tu.

Baraza ya nje msiibomoe wala kuizungushia vyuma. Mbali na wanaoikalia, inakinga mguu wa ukuta na maji ya mvua yanayorukaruka njiani. Mlango wa nakshi ubaki pale pale. Mnaotaka kupangisha chumba cha mbele kiwe duka, tumieni uwazi uliopo na mkipe mlango wake, kisitegemee kupita ndani kwenu. Nyaya za umeme zipite ndani ya mifereji ya plastiki juu ya ukuta, kwani kutindua matumbawe kwa mlalo ni kuukata ukuta. Na boriti msizifunike kwa dari ya jipsamu hata kama mjomba ameahidi kuilipia. Boriti ionekane, ili kila mwaka mtu achukue bisibisi aichome karibu na ukuta aone kama bado ngumu.

Kibali ni lazima, hata kama nje hapabadiliki kitu. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nendeni na mchoro wa nyumba ilivyo sasa pamoja na ule mnaoutaka. Kabla ya hapo, hakikisheni nyumba ni ya nani. Ikiwa ni ya wakfu, mazungumzo yanaanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ikiwa ni ya Serikali, mpangaji hana mamlaka ya kuvunja. Ikiwa ni urithi usiogawanywa, yule ndugu aliyeko Muscat naye ana neno lake, na afadhali aliseme sasa kuliko ukuta ukishavunjwa.

Mwisho, majira. Lipu ya chokaa hupendelea kipupwe, Juni hadi Agosti, jua lisipokuwa kali. Chokaa ikikauka kwa haraka hupasuka, na wakati wa kaskazi fundi hulazimika kuifunika magunia ya maji. Chokaa ya kuroweka nayo inataka wiki nyingi shimoni, na miezi mitatu si mingi. Kwa hiyo anayetaka kupiga lipu Juni aiingize shimoni Februari. Masika yakifika katikati msichimbe chochote. Pitieni vyumba vyote vya chini mvua inaponyesha, mchukue kipande cha mkaa, mwandike ukutani unyevu umefika wapi, na uani mtazame maji yanasimama upande gani. Alama hizo mpelekeeni mchoraji pamoja na ile picha ya kwenye simu.