Nusu ya methali inayofichwa na jina la wimbo

Jumamosi jioni, kahawa ikishamiminwa, mmoja wetu hurusha jina la wimbo. "Kipenda Roho," anasema. Aliye kushoto kwake ana muda wa funda moja tu la kahawa kabla hajajibu kwa jina la wimbo mwingine linaloshikana na lile la kwanza. Akikwama, anatoa mji, kama kwenye vitendawili. Wiki iliyopita nilipoteza Tanga, Tabora na Bagamoyo kabla kikombe hakijapoa, na mimi ndiye ninayeorodhesha santuri na kanda za zamani. Majina ya nyimbo ndiyo kazi yangu.

Huyo wa kushoto alijibu, "Vunja Mifupa." Kijana mmoja mgeni akapinga: roho na mifupa vimeonana wapi? Wazee wakacheka. Ikabidi nimweleze, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Kuunga majina kwa neno ni rahisi. Ukipewa "Homa Imenizidia" ya Orchestra Safari Sound, unajibu "Nalala kwa Tabu" ya Mlimani Park, maana mwenye homa halali vizuri. Anayefuata anashika kitenzi kile kile na kutoa "Hakuna Kulala" ya Juma Nature, na hapo tumeshavuka kutoka dansi hadi Bongo Fleva bila hata kupiga hodi. Kama hakuna kulala, basi "Amka Kumekucha", ule wimbo wa Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya. Mnyororo wa namna hiyo unapendeza, lakini hata mtoto anaweza kuusuka.

Utamu uko kwenye nusu isiyosemwa. Remmy Ongala aliposema "Kipenda Roho" hakuwa na haja ya kumalizia, kwa sababu kila anayesikia Kiswahili anamalizia mwenyewe: hula nyama mbichi. Basi jina lile limebeba nyama ndani yake. Nyama ina mifupa, na Samba Mapangala na Orchestra Virunga wana "Vunja Mifupa". Hilo nalo ni nusu tu, kwani msemo wa Nairobi unasema vunja mifupa kama bado meno iko. (Wa Unguja wakisikia hiyo "meno iko" hufumba macho kwa uchungu. Tunawaacha wapone.) Kwa hiyo kilichobaki mezani ni meno, na bibi mmoja ambaye hucheza mara chache akamaliza kazi: "Jino la Pembe," taarabu ya Zuhura Swaleh wa Mombasa. Jino la pembe si dawa ya pengo. Nyimbo tatu, bendi za miji tofauti, na hakuna neno hata moja lililorudiwa.

Ndiyo maana nasema mchezo huu ukiuchukua ukaucheza kwa majina ya Kizungu unakuwa mchezo mwingine kabisa. Watunzi wetu wana mazoea ya zamani ya kukata methali katikati na kuifanya jina. Mbaraka Mwinshehe ana "Jogoo la Shamba"; mjini haliwiki, unamalizia wewe. Wengine huuchukua msemo mzima: Remmy peke yake ana "Ndumila Kuwili", "Mnyonge Hana Haki" na "Tembea Ujionee". Tabia hiyo iko hata kwenye kanga. Yale maandishi ya chini yanaitwa jina la kanga, na aliyelivaa halazimiki kueleza anamsema nani. Mhusika atajijua.

Tatizo kubwa la mchezo ni majina ya wanawake. Dansi imejaa hao: "Georgina", "Zuwena", "Edita", "Ngalula". Ukimrushia mwenzako "Zuwena" umemfungia mlango, maana atajibu nini zaidi ya mwanamke mwingine? Tukakubaliana jina la mtu lisifuatwe na jina la mtu, ila liwe na maana nje ya mtu huyo. Kwa hiyo "Neema" ya Mlimani Park ni lulu. Ni mwanamke, na ni neema. Mtu akikurushia "Shida" ya Mbaraka, "Neema" inakutoa shimoni. "Malaika" pia ina milango miwili, ingawa hapo lazima useme unamkusudia Fadhili William au Nyashinski.

Ugomvi mwingine ni wa jina halisi. Watu huuita wimbo kwa kiitikio chake. Them Mushrooms waliita wao "Jambo Bwana", lakini nusu ya dunia inaujua kama "Hakuna Matata". Wimbo wa Saida Karoli ni "Maria Salome", na bado nikiutaja hivyo kuna atakayeuliza ni upi, hadi niseme "Chambua kama Karanga". Mimi kwa kazi yangu ningependa tushike lebo ya santuri. Lakini nyimbo nyingi za dansi ya Tanzania zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, zikabaki kwenye kanda za redio, na msikilizaji hakuwa na lebo ya kusoma. Jina alilipata mdomoni mwa mtangazaji. Nimewahi kukuta wimbo mmoja kwenye kanda tatu kwa majina matatu. Basi tunakubali jina lolote ambalo watu wawili waliopo wanalijua, na mimi nameza mate.

Mnyororo ninaoupenda kuliko yote haukuwa wangu. Mtu alitoa "Mtoto Akililia Wembe", ya Mlimani Park. Mpe, kila mtu akamalizia kimoyomoyo. Wa pili, baba wa watoto wanne, akasema taratibu, "Shauri Yako." Hiyo ni ya Nguashi Ntimbo, na Super Mazembe nao waliipiga. Wa tatu hakungoja hata funda la kahawa: "Sina Makosa," ya Les Wanyika. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika, kwa sababu tulikuwa tumesikia nyumba nzima ikizungumza: mtoto ameshakatwa, na mzazi anajitetea.

Mara nyingi mchezo hauishi kwa mshindi. Huisha pale mtu anaposema, "Hebu uweke huo." Jumamosi ile ilikuwa "Majirani Huzima Redio". Nikaileta nje mashine, nikapandisha sauti. Wa kwetu hawakuzima redio, walikuja na viti vyao.